Tumbo la Mbeyu, Kitabu cha Neema

Jambo la Mbeyu na Neema lilinigharimu safari kumi na moja za Kilifi, pea mbili za viatu, barua moja ya onyo iliyopigwa muhuri vizuri kabisa, na salamu ya mwanamke mmoja ambaye hadi leo akiniona sokoni hugeuka akachunguza nyanya kana kwamba anazitafutia mchumba. Nimehesabu mara mbili. Viatu vilikuwa pea mbili kweli, ingawa moja ilikuwa ya dada yangu na bado anaidai.

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu mnayemwambia asije tena kazini, mkaniomba niandike niliyoyaona badala ya kutoa hotuba. Najua pilau ilikuwa inapoa. Nilikubali, na mimi nikishakubali bei sirudi nyuma. Basi haya ni yenu nyinyi mliobaki katika wodi ya wazazi hapa Malindi. Vyeo na mishahara sivitaji. Vyeo vilichelewa, na mishahara ilichelewa zaidi.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Sista Dama, mzaliwa wa Rabai, mwanamke mrefu, mkavu, aliyeweza kufika nyuma yako bila kiatu chake kutoa sauti. Sikupewa mama wa kuzalisha. Nilipewa sinia la shashi, vile vipande vya kitambaa tunavyofutia damu, nikaambiwa nihesabu.

"Kumi," nikasema.

"Tena."

"Kumi, Sista."

"Ya kwanza ni ya kitabu," akasema. "Ya pili ni ya yule aliyelala."

Niliona ni maneno ya wazee. Wiki ya tatu tukamaliza upasuaji, akahesabu, zikawa tisa. Daktari alikuwa ameshika sindano tayari kushona. Sista Dama akamwambia, kwa adabu zote, kwamba hashoni mtu. Daktari akafoka, akataja masomo yake na nchi alikosomea. Tulipekua tumbo, ndoo, sakafu, na mwisho tukaikuta shashi imeganda chini ya kiatu cha daktari mwenyewe.

"Unaona?" akasema daktari. "Haikuwa tumboni."

"Sasa tunajua," akajibu Sista Dama, akampa ruhusa ashone.

Hilo ndilo lililokuwa somo langu la kwanza, na kwa kweli sikupata jingine lililolishinda. La pili nilikuja nalo kutoka nyumbani. Mama yangu aliuza mahamri na mbaazi asubuhi na leso mchana, nami nilikua miguuni pake nikisikiliza watu wakipatana bei. Mtadhani wodini hakuna biashara hiyo. Jaribuni kumwambia mama mzazi wa mume kwamba mke wa mwanawe anahitaji kupasuliwa. Mimi nilikuwa nikianza na bei ya juu: nawaambia mgonjwa apelekwe Mombasa, sasa hivi, kwa gharama yao. Wakishalia na kukataa, nashuka taratibu mpaka chumba chetu cha upasuaji, hatua ishirini kutoka pale tuliposimama. Huondoka wakiamini wamenishinda. Nilishindwa hivyo mara nyingi sana, na akina mama wengi wakarudi nyumbani na watoto.

Katika miaka yote hiyo kuna swali moja halikuwahi kuulizwa. Baba tulimwandika kama alivyotajwa, tukanyamaza. Mama ni nani, hakuna aliyeuliza, kwa kuwa alikuwa amelala mbele yetu anatutukana. Sista Dama alikuwa akisema baba ni habari, mama ni ushahidi. Alistaafu akiamini hivyo. Mimi ndiye niliyebakishiwa ushahidi ulioingia wodini kwa miguu minne.

Ilikuwa kama miaka sita kabla ya kustaafu kwangu. Siku ya kliniki ya wajawazito akaja mwanamke wa miaka kama ishirini na saba, mimba ya miezi mitano, akanipa kitabu chake cha kliniki. Kitabu kilisema: Neema, miaka thelathini na tisa, mwalimu, mkazi wa Kilifi, mimba ya kwanza. Nikamtazama. Miaka kumi na miwili ilikuwa imepotea njiani. Nikamshika mkono, nikakuta viganja vya jembe.

"Mwalimu," nikamwita, "unafundisha darasa la ngapi?"

"La... la wale wadogo, Sista."

"Shule ipi?"

"Ile ya Kilifi."

"Kilifi siku hizi ina shule moja?"

Akatazama dari. Nikamlaza kitandani, nikafunua leso. Tumbo lilikuwa na michirizi ya zamani, iliyokwisha kupauka.

"Na hii ni mimba ya kwanza?"

"Ndiyo. Si kitabu kimesema?"

"Kitabu nimekisikia. Sasa naliuliza tumbo."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekamatwa na embe la jirani. "Wawili," akasema. "Wako Ganda kwa mama. Jina langu Mbeyu. Sista, nakuomba usiandike kitu mpaka umwone mwenyewe."

Mwenyewe alikuja kliniki iliyofuata. Niliwaingiza wote wawili katika stoo ya maboksi ya glavu, mahali pekee hospitalini palipokuwa na mlango unaofungika. Neema alikuwa mwalimu kweli: alinisalimu, akasubiri nimalize kuitikia, ndipo akaketi. Na alikuwa na tumbo. Mimi nimeshika matumbo tangu sijaolewa. Tumbo la mimba hupumua pamoja na mwenyewe. Lile lilikaa tu.

"Hicho ni nini?" nikauliza.

"Leso tatu," akasema Neema, "na mto wa kiti."

"Na kile kiti, mavyaa yako hajauliza mto umeenda wapi?"

Mbeyu akaangua kicheko, Neema akamkanyaga. Wanawake wawili, matumbo mawili, mimba moja. Nikahesabu tena, ikawa vilevile.

Niliyasikiliza maelezo yao hadi mwisho, na nyinyi pia yasikilizeni kabla hamjacheka. Neema alikuwa ameharibu mimba tano. Ya tano ilitoka na nusu ya uhai wake, na madaktari wakamwambia ya sita itatoka na nusu iliyobaki. Yeye na mumewe walikwenda kliniki moja ya Mombasa, mbegu zao zikachanganywa kwenye maabara, kiinitete kikapandikizwa kwa Mbeyu, aliyekuwa akifua nguo nyumbani kwao msimu usio wa kilimo. Mimba ya kubebewa. Mbeyu alitaka nyumba ya mabati yenye sakafu ya saruji. Neema alitaka mtoto. Mume wa Mbeyu alikubali. Mume wa Neema alikubali. Mama yake ndiye hakuambiwa, maana angekubali na kesho yake angekubali kwa sauti kanisani.

Jina waliliazimana ili cheti cha kuzaliwa kitoke moja kwa moja kwa Neema. Neema alikwenda kliniki ya Kilifi kufungua kitabu yeye mwenyewe, akapimwa yeye, kisha akampa Mbeyu kitabu aendelee nacho huku Malindi, ambako Neema hajulikani. Hawakuona ubaya. Kwetu pwani mtoto wa kulea si jambo geni. Nani hakulelewa na shangazi? Walichukua mila hiyo ya zamani, wakaishonea koti la maabara.

"Mkataba upo?" nikauliza.

Upo. Ukurasa mmoja na nusu, umechapwa kwenye duka la saiba, na picha ya maua pembeni. Pesa zilitajwa na sizirudii hapa, maana ndicho kitu pekee kilichoandikwa sawasawa. Nikausoma kama mama yangu alivyosoma leso, kwa kutazama upande wa ndani. Wakija pacha? Haukusema. Mbeyu akipasuliwa, nani anaamua? Haukusema. Akifa, wale wawili wa Ganda? Haukusema. Kujifungua kukiisha, nani anamwangalia zile siku arubaini? Haukusema. Akibadilisha moyo? Hapo ulisema: "Mbebaji hatabadilisha moyo." Nikatoa kalamu nikaanza kuongeza vifungu pembeni, juu ya maua.

"Sista," akasema Neema, "hatununui ndizi hapa."

"Ndizi ningekuwa nimeshazigeuza upande wa pili."

Tulipatana saa nzima. Nikapata siku arubaini za matunzo. Nikapata kwamba Mbeyu ndiye anayeamua juu ya mwili wake. Nikabaki na la jina. Nilitaka kitabu kibadilishwe siku ileile. Neema akalia. Akasema jina lake likitoka kitabuni, mtoto atakapozaliwa atakuwa wa Mbeyu kisheria, na yeye itabidi amwasili mwanawe kama mtu aliyemwokota barabarani. Mbeyu naye akasema, "Sista, mimi sitaki jina. Nataka mabati."

Basi nikashuka bei. Nikawapa mpaka mwisho wa mwezi wa nane wa mimba, nikaulize serikali inasemaje, kisha tubadilishe. Andikeni hili pembeni kwa wino mwekundu: nilipatana juu ya kitu kisichouzwa. Huo ndio mwanzo wa makosa yangu, na nilikuwa nimekaa vizuri, nimekunja mguu, nikijiona hodari.

Safari za Kilifi zikaanza. Ofisi ya kwanza ilinipeleka ya pili, ya pili ikanipeleka ya tatu, ya tatu ikawa imetoka kwenda kunywa chai. Nilipompata bwana wa kujibu, alinisikiliza kwa upole wa mtu anayetaka uondoke.

"Mama, sheria ya kubebeana mimba hakuna."

"Kwa hiyo imekatazwa?"

"Haijakatazwa."

"Kwa hiyo imeruhusiwa?"

"Sikusema hivyo."

"Basi mwenye mimba aandikwe nani?"

"Kuna mswada," akasema. "Uko njiani."

"Njia gani, bwana? Hata barabara ya kwetu ingekuwa imeshafika."

Akafungua daftari. "Je, kuna mlalamikaji?"

"Bado."

"Basi subiri alalamike. Tukipata malalamiko tutakuwa na faili."

Kwa jumla nilikwenda mara sita kabla ya mtoto kuzaliwa na mara tano baadaye. Kila mara mswada ulikuwa njiani, na kila mara mlalamikaji hakuwepo, kwa sababu kila mtu alikuwa amekubali. Hicho ndicho nilichoshindwa kuwafahamisha. Mambo haya huanza watu wote wakiwa wamekubali, na kila mmoja amekubali kitu chake.

Mwezi wa nane ulikuwa umebakisha siku nne uishe Mbeyu alipoletwa, saa nne asubuhi, anavuja damu. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, limeziba mlango wa uzazi, na limeanza kubanduka. Nyinyi mnajua maana yake: kisu, damu ya kuongeza, na hakuna muda wa hotuba. Nikafungua kitabu, nikaona kundi la damu limeandikwa B, chanya. Nikachukua sampuli, nikaipeleka maabara pamoja na kitabu, nikaomba chupa tatu.

Hamisi wa maabara hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, amebeba ile chupa ndogo ya sampuli kama mtu aliyeokota nge.

"Sista, mwenye damu hii si mwenye kitabu hiki."

Nikaichukua ile chupa, nikasoma lebo.

"Hii ni O, hasi," akasema. "Nimerudia mara mbili. B ninazo nne kwenye friji. Ya huyu sina hata moja."

Kitabu kilifunguliwa na Neema. Aliyepimwa alikuwa Neema. Nilijua. Miezi mitatu nilikuwa najua, nikakaa nikipatana juu ya jina, na sikuwahi kujiuliza ni kitu gani kingine katika kitabu kile kilichokuwa cha mtu mwingine. Nilihesabu miezi, sikuhesabu damu. Na damu yenyewe ni ya nadra, ya kutafutwa wiki nzima mapema.

Hamisi akapiga simu Kilifi, wakampatia chupa moja, gari likatoka. Daktari alikuwa amekwisha kunawa. Nikamletea Mbeyu karatasi ya idhini ya upasuaji. Alikuwa mweupe midomo, lakini akili yake yote ilikuwepo. Akashika kalamu, akaitazama ile karatasi, juu imeandikwa Neema kama kitabu kilivyosema.

"Sista," akaniuliza, "nitie saini ya nani?"

Daktari akageuka. Hamisi akageuka. Nadhani hata feni ilisimama.

"Yako," nikasema.

Nikachukua kalamu ile, nikakata jina la Neema kwenye karatasi, nikalikata kwenye kitabu, juu ya jalada na kila ukurasa, nikaandika Mbeyu. Akatia saini polepole, herufi moja moja, kama watu wanaoandika jina lao mara chache. Tukaingia.

Mtoto alitoka akipiga kelele, msichana, hana habari na yeyote. Kazi ilibaki kwa mama. Damu ilikataa kusimama. Ile chupa ya Kilifi ilifika wakati mapigo ya Mbeyu nilikuwa nimeshaacha kuyapenda, na ilitosha kwa kipimo ambacho sipendi kukikumbuka. Mwisho nikahesabu shashi. Zilikuwa ishirini na nne. Nikahesabu tena, za yule aliyelala.

Taarifa ya kuzaliwa niliijaza mimi, jina la mama: Mbeyu. Fomu ile ina mstari mmoja tu wa mama. Niliigeuza nyuma nikaangalia kama kuna mwingine.

Neema alifika saa nane mchana. Alikuwa ametoka Kilifi mbio, na hakuwa amepata mahali pa kuuvua ule mto. Akaja ukumbini na tumbo lake kubwa, wajawazito wengine wakimpisha kwenye benchi kwa heshima, huku mtoto wake yuko chumba cha pili amezaliwa. Nikamwambia yote. Nikamwonyesha fomu. Aliisoma mara mbili. Katika hilo tulikuwa ndugu.

"Umeniibia mtoto kwa kalamu," akasema.

"Mwalimu, hebu kaa."

"Sikai. Mbegu ni yangu na ya mume wangu. Aliyebeba amekubali. Wewe umekuwa nani hapa?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu shashi."

Halikuwa jibu, nilijua. Akatia mkono chini ya dera, akachomoa mto ule, akauweka kwenye meza yangu pamoja na leso tatu, akaenda kumwona mwanawe. Mto ulikaa kwenye dawati langu wiki mbili. Sikujua wa kumpa.

Barua ya onyo nililetewa baada ya mwezi. Nilistahili onyo; ningejiandikia mwenyewe, kurasa mbili. Lakini haikusema lolote juu ya damu. Nilionywa kwa kuchafua kijitabu cha serikali kwa kukata jina bila idhini.

Mbeyu alikaa siku tisa wodini. Siku ya tatu maziwa yalishuka. Mkataba haukutaja maziwa, na maziwa hayakuusoma mkataba. Neema alikuwa akija asubuhi na jioni, anakaa upande mmoja wa kitanda, Mbeyu upande wa pili, mtoto katikati. Mbeyu alimnyonyesha, Neema akamcheulisha. Hawakugombana hata siku moja mbele yangu. Waliokuja kugombana ni watu wa ofisi. Siku ya kumi mtoto akaenda Kilifi, akaitwa Rehema. Mbeyu akaenda Ganda na kovu, na mwaka uliofuata nyumba ikaezekwa. Mabati nimeyaona. Ni mazuri.

Karatasi ndizo zilizobaki zinatembea. Kwa sheria Rehema ni mtoto wa Mbeyu, kwa hiyo Neema na mumewe waliomba kumwasili. Kesi iliahirishwa hadi nikaacha kuhesabu, nami mnanijua. Mara moja nilikuwepo mahakamani. Mbeyu aliulizwa kama yeye ndiye mama.

"Mimi ndiye niliyemzaa," akasema. "Mama yake ni yule pale."

"Jibu ndiyo au hapana," wakamwambia.

Akamtazama mtoto, aliyekuwa akila biskuti mapajani pa Neema. Neema akamfuta makombo mdomoni. Kisha Mbeyu akasema, "Swali lenu ni moja na majibu yangu ni mawili. Nichagulieni nyinyi." Kesi ikaahirishwa.

Mwaka huu, miezi miwili kabla ya kuondoka kazini, nikaitwa ukumbini Kilifi kutoa maoni juu ya ule mswada, ambao sasa naambiwa unaonekana kwa mbali. Kila mtu dakika tatu. Mchungaji alisema ni kucheza na uumbaji. Sheikh aliuliza nasaba ya mtoto itahesabiwa wapi, na wengine wakaguna, lakini kwa kweli ndiye peke yake aliyeuliza swali la fomu yangu. Wakili mmoja alitaka iruhusiwe kwa ndugu tu, tena bure. Nikasimama, nikamwambia anitajie ndugu aliyewahi kufanyiwa kitu cha bure bila kukikumbushwa hadi kaburini. Asiyelipwa hana cha kudai. Nikageuka nikawaambia wanaotaka bei iachwe huru kwamba penye bei hubeba mwenye shida, na mwenye shida hupatana vibaya, namjua, nilikaa naye stoo. Na wanaotaka ipigwe marufuku wajue kwamba Mbeyu na Neema hawakuazimana jina kwa kuivunja sheria. Waliazimana kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuandika ukweli. Wekeni mistari miwili kwenye fomu, nikasema. Na kabla ya kliniki yoyote kupandikiza kitu, huyo mbebaji awe na kitabu chake, chenye damu yake.

"Bi mkubwa," akasema mwenyekiti, "dakika zako zimekwisha."

"Dakika au masikio?"

Watu wakacheka, nikaketi. Katika ukumbi mzima hapakuwa na mwanamke aliyewahi kubebea mtu wala aliyewahi kubebewa. Nilihesabu viti.

Sasa nafika kwenu. Wiki iliyopita wakili wa Neema amenitumia karatasi ya kiapo. Rehema anatakiwa kuanza shule na anadaiwa cheti. Wakili ameona njia fupi: mimi, muuguzi mstaafu, niape kwamba kwa haraka ya siku ile nilikosea jina la mzazi, na kwamba kitabu kilikuwa sahihi tangu mwanzo. Nikitia saini, faili la hospitali litarekebishwa lilingane na kiapo, cheti kitatoka kwa jina la Neema, kesi itafungwa. Wote wamekubali, tena. Neema mwenyewe ameniandikia, mistari mitatu, mara ya kwanza tangu ule mto: "Sista, sikudai kitu kingine. Sema tu ulikosea hesabu. Mtoto anauliza kwa nini wenzake wana karatasi."

Mbeyu alikuja nyumbani juzi kunihimiza. "Tia saini tu, Sista. Nimechoka na nauli." Nikamtazama alivyoketi. Ana mimba ya miezi sita, yake na ya mumewe. Akanipa kitabu cha kliniki nikione, kipya, jina lake juu, anakionea fahari. Ndani muuguzi mmoja wenu, Mungu amweke, amenakili kutoka faili la siku ile: amepasuliwa mara moja, alivuja damu nyingi, O hasi, damu iandaliwe mapema.

Faili hilo ndilo ninaloombwa niseme ni la Neema; likishageuka, kitabu cha Mbeyu kitataja kovu na damu zisizo na faili.

Mtaniambia aandikiwe tena kwa kalamu. Ataandikiwa na nani, na akiulizwa yule mtoto wa kovu yuko wapi atamtaja yupi? Mtaniambia nikatae. Basi nendeni nyinyi Kilifi mkamweleze Rehema, anaelewa maneno yote sasa, na ana meno ya mbele yanayolegea. Nimejaribu kupatana na wakili: mistari miwili, kiapo cha ukweli, jina moja kwa aliyezaa na jina moja kwa anayelea. Amesema fomu haina nafasi hiyo, mswada uko njiani.

Tarehe ya kuirudisha ni Ijumaa ijayo. Karatasi iko mezani, na ile saa yenu nimeilaza juu yake isipeperuke, maana msumari wa kuitundikia hamkunipa. Siku ile Mbeyu aliponiuliza atie saini ya nani nilimjibu kwa neno moja, bila kufikiri. Leo ninaulizwa mimi, nami neno silipati. Nimewafundisha kila nilichokijua, na sikuwahi kuwadai chochote. Basi naomba nilipwe sasa, kwa ushauri. Njooni kabla ya Ijumaa, au mniandikie. Nitie, au nisitie?